Mchi Ndani ya Buibui

Mtaa mzima wa Wiyoni, kisiwani Amu, ulimwita Bi Kulikoni, na mwenyewe hakuwa na neno. Jina alilopewa na babake kule Faza ni Radhiya, lakini mtu akipita mbele ya ua wake na kapu lililofunikwa, Radhiya hawezi kumwacha aende zake. Atatoa salamu, ataulizia wazee, ataulizia mtoto anayeota meno, kisha kwa upole kabisa ataulizia kapu. Msimwite mmbea, maana mmbea huuliza apate la kupeleka. Huyu aliuliza kwa sababu jambo asilolijua lilimwasha mwili kama upupu, na akishalijua alilinyamazia akalala usingizi wake. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema. Wanawake wenzake wakimjibu kwamba ujinga si, lakini kuchosha kwachosha.

Mumewe, Hamdun, alikuwa mpika halua, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, ambaye kwa kukaa miaka mingi mbele ya sufuria alijifunza kwamba kitu kizuri hakiharakishwi. Walikuwa na mtoto mmoja, Kadija. Kabla yake Radhiya alikwisha kuzika watatu, wote wachanga, na ndiyo maana huyu mmoja alimlea kwa macho mawili na roho juu. Sasa Kadija alikuwa mwari, ameshaposwa na kijana wa watu wa Amu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Desturi ya Amu ni kwamba mume ndiye ahamiaye kwa mke. Mzazi mwenye uwezo humwandalia bintiye nyumba, au angalau chumba, na mkwe huja na sanduku lake. Sasa mkwe aje wapi? Nyumba yao Wiyoni ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili, na cha pili kilikuwa na magunia ya sukari ya Hamdun. Mamake kijana, mwanamke mwenye adabu zake, alikwisha kutuma neno kwamba wasihangaike, yeye ana nafasi, bibi arusi na ende kwake. Neno lilikuwa jema na Radhiya alilipokea kwa shukrani mbele ya watu. Kisha akaingia jikoni akalia hadi wali ukaungua. Mtoto mmoja, na huyo mmoja akalelewe na mavyaa!

Basi mwaka ule wa hamsini na sita akafariki Bwana Abdulqadir wa Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, Mungu amrehemu, mzee asiyekuwa na mtoto. Bara kulikuwa na hali ya hatari, na hapo ng'ambo, Manda, serikali imewafunga watu nyuma ya seng'enge, lakini Mkomani kwa muda wa mwezi mzima hakukuzungumzwa ila nyumba ya Bwana Abdulqadir. Mrithi wake alikuwa mtoto wa nduguye, Jeilani, kijana wa Mombasa aliyevaa saa mkononi na kuitazama kila mara. Alisema wazi kwamba yeye hataki magofu, anataka kuuza, na mjane naye atapewa fungu lake la sharia baada ya kuuzwa. Hamdun alipoisikia habari hiyo aliacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Wahenga walisema usisifu mlango, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wa kunakshiwa, wa mtu kusimama akautazama. Ukishaupita, ya Mungu mengi. Hamdun aliingia na Fundi Madi, mwashi wa siku nyingi, wakakuta kiwanda, ule uwanja wa kati, kimejaa vifusi, birika ya maji imekauka, na ukutani umeota mti wenye mizizi minene iliyojipenyeza katikati ya mawe. Ghorofa ya juu haikuwa na dari. Boriti zilikwisha kuanguka miaka ile ya vita, na marehemu alikuwa kila mwaka anasema atazirudisha akipata nafasi. Popo ndio waliokuwa wapangaji. Fundi Madi alizunguka, akagonga, akakwaruza chokaa kwa kucha akaionja kwa ulimi kama imekula chumvi, kisha akatoa hukumu yake kwamba haya yote ya mbele na ya juu yanatengenezeka, ila kazi ni kubwa. Kila kitu sasa kilitegemea ndani.

Kwa asiyejua nyumba zetu, ndani ni kile chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya misana yote, zile kumbi ndefu za mbele, kisicho na dirisha. Humo bibi arusi huketishwa akatazamwa, humo watoto huzaliwa, na humo maiti huoshwa. Kuta zake ndizo zinazobeba nyumba. Zikiwa zimeoza, hata utie boriti mpya huko juu, ni kumpaka rangi mgonjwa. Na huko ndani, wakati huo, alikuwa ameketi Bi Mwanaarabu, mjane wa marehemu, katika eda yake. Miezi minne na siku kumi mwanamume wa kando hamwoni wala hasikii sauti yake. Hamdun hawezi kuingia, na Fundi Madi hawezi kuingia. Jeilani alisema ndani ni pazuri, lakini Jeilani mwenyewe alikuwa hajatia mguu huko tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa.

Akabaki Radhiya, na Mungu alimjua aliyekuwa akimchagua.

Fundi Madi alimfundisha nyuma ya pazia, yeye upande huu na Radhiya upande ule. Alimwambia achukue mchi wa kinu, agonge kila boriti moja moja. Boriti nzima hulia, iliyoliwa hunyamaza. Kisha achukue msumari auchome kwenye mti pale unapoingia ukutani, na ukiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, ajue mchwa wametangulia. Kisha aguse ukuta kwa kiganja, na aonje. Radhiya aliuliza maswali mengi hata fundi akaomba maji ya kunywa. Mbona boriti ikioza hunyamaza? Na ile iliyooza nusu husemaje? Na chumvi ya pwani na chumvi ya ukuta ni moja? Usiku ule hakulala kwa hamu. Tangu aletwe Amu alikuwa akizipita nyumba za Mkomani kwa nje, akijiuliza zina nini tumboni.

Sasa fikirini: utaingiaje kwenye nyumba ya msiba na mchi mkononi? Radhiya aliufunga kiunoni chini ya buibui, akaenda kutoa mkono wa tanzia akitembea wima kama askari. Alipita daka la mlangoni, akapita kiwanda, akapita msana wa kwanza na wa pili, kila chumba chenye giza kuliko kilichotangulia, mpaka akafika kwenye chumba kilichokuwa na taa ya mafuta mchana kweupe. Ukuta mzima ulikuwa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, kazi ya chokaa laini kama iliyochongwa kwa kijiko. Bi Mwanaarabu alikuwa ameketi kitandani na leso kuukuu, hana wanja wala udi, mwanamke mwembamba wa makamo ya sitini. Radhiya alipoinama kumbusu mkono, mchi ukagonga ukingo wa kitanda.

Yule mjane alimtazama kwa utulivu. "Mwanangu," akasema, "umekuja kunipa pole au umekuja kutwanga?"

Radhiya alitaka ardhi immeze. Alianza kusema ameuazima mchi kwa jirani, kisha akanyamaza, kwa sababu uwongo wenyewe ulikuwa mbovu. Bi Mwanaarabu hakukasirika. Alimwambia haya, toa chombo chako, gonga, na akamwonyesha kigoda cha kukanyagia. Haya zilimpata Radhiya, lakini boriti zilikuwa juu ya kichwa chake, na mwili ulikuwa unamwasha. Akapanda.

Akagonga ya kwanza, ikalia. Akagonga ya pili, ikalia. Aligonga chumba kizima, na kila boriti iliitika, nyingine kwa sauti nene, nyingine nyembamba, hata akasahau kwamba yumo kwenye msiba. Moja tu, iliyoko juu ya mlango, ilinyamaza, na msumari ukazama mpaka kichwani. Ukuta ulikuwa mkavu. Ulimi haukupata chumvi. Ndani ilikuwa nzima! Nyumba nzima inaweza kusimama juu ya chumba hiki kwa umri wa wajukuu. Aligeuka kushuka na furaha usoni, akamwona Bi Mwanaarabu anafuta machozi kwa pindo la leso.

Furaha ikamwisha palepale. Aliona alilolifanya. Huyu mama ameketi miaka arubaini katika nyumba hii, mumewe hajapoa kaburini, na sasa mwanamke wa Wiyoni amepanda juu ya kigoda anamgongea boriti kichwani, na kila boriti ikilia ni kana kwamba anaambiwa ondoka. Radhiya alikuwa na maswali ya kila namna duniani, lakini la kumuuliza mjane kama ataondoka, na ataenda wapi, hilo adabu ilimziba mdomo. Huulizi. Mtu yuko edani, unamuuliza habari ya kuuza nyumba ya mumewe? Akambusu mkono tena, akaondoka na mchi wake.

Njiani aliyapima moyoni. Upande huu Kadija, chumba chenye zidaka, mkwe anakuja na sanduku, wajukuu kiwandani. Upande ule mama mtu mzima kwenye kizingiti na kifurushi. Hamdun alipomuuliza kulikoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kuulizwa neno hilo na mumewe, Radhiya alitazama chini.

"Ndani ni mbovu," akasema. "Usinunue."

Hamdun hakubisha. Hakuwa mtu wa kumshuku mkewe. Alikwenda kumwambia Jeilani barazani, mbele ya watu, kwamba samahani, wameona ndani imeoza. Watu wa barazani wakenda nalo majumbani, na kufikia Ijumaa hata wauza samaki walijua kwamba nyumba ya Bwana Abdulqadir ndani imeoza. Wawili watatu waliokuwa wakiitamani wakaacha hata kupita ndia ile. Jeilani akatazama saa yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akarudi Mombasa.

Radhiya aliumia, lakini yalikuwa maumivu mazuri, ya mtu aliyetoa sadaka. Mamake kijana alipotuma tena neno la Kadija kwenda kwake, Radhiya aliitikia. Kadija alisikiliza, akainama kwenye ukili wake, akaendelea kusuka. Kila alipomtazama bintiye, Radhiya alijiambia moyoni kwamba kuna mama mwingine anayelala nyumbani kwake kwa ajili ya hili, na Mungu anaona. Kwa kweli, alianza kujipenda kidogo.

Eda ikaisha. Asubuhi moja, jua limeshapanda, mwanamke wa buibui alisimama mbele ya ua wa Wiyoni akapiga hodi. Radhiya alikuwa akipepeta mchele. Mgeni alipoinua ushungi alikuwa Bi Mwanaarabu, ameoga, amepaka wanja, anahema kwa kutembea. Radhiya alimkaribisha mkekani, akamletea kahawa na halua. Mgeni halua hakuigusa.

"Nimekuja kwa swali moja," alisema. "Boriti zililia. Mimi pia nalizisikia. Mbona mkasema zimeoza?"

Radhiya akasema ukweli, kwamba alimwona akilia, na alimwonea huruma, hakutaka awe yeye wa kumtoa nyumbani kwake.

Bi Mwanaarabu alimtazama kana kwamba anamwona sasa. Kisha akaeleza, taratibu, bila kupandisha sauti. Yeye ni mtu wa Siyu. Aliletwa Amu bibi arusi wa miaka kumi na sita na akaketishwa katika chumba kile, na watu wakaja kumtazama, na walipomaliza kumtazama wakaenda zao, yeye akabaki. Marehemu hakuwa mtu mbaya. Lakini ndani hamna dirisha. Siku zote hizo alikwenda kwao mara mbili, kumzika mamake na kumzika babake. Dadake mdogo yuko Siyu mpaka leo, na shamba, na ukumbi unaopigwa na upepo kutoka pande zote. Siku ile Radhiya alipokuwa juu ya kigoda, kila boriti ilipolia yeye alihesabu: hii inaniuzia, na hii inaniuzia. Alilia kwa kushukuru.

"Wewe ulinihurumia," akasema, "hukuniuliza. Sasa mrithi amekwenda, mji wote wajua kwamba nyumba imeoza, hakuna atakayeinunua. Na mimi nitaoshewa humo."

Radhiya, mwanamke aliyeulizia makapu ya Wiyoni yote, na mchi na msumari na chumvi, alikuwa amepita mbele ya mtu akaacha kumuuliza neno moja. Aliona haya mpaka masikio yakawa moto. Sadaka yake ilikuwa imemfungia mtu mlango. Bi Mwanaarabu alikunywa kahawa yake yote, maana alikuwa ametoka mbali, akajifunika, akaenda zake.

Adhuhuri Hamdun alirudi, na Radhiya alimweleza yote kabla hajanawa mikono. Kilichomuuma, alisema Hamdun, si nyumba. Ni kwamba alisimama barazani mbele ya watu akasema jambo la uwongo, na hakujua. Radhiya aliomba radhi, na aliiomba kwa machozi ya kweli. Hamdun akala nusu ya chakula, akainuka, akasema atampigia simu ya waya Jeilani, na atarudi barazani kusema mbele ya watu walewale kwamba alikosea. Akatoka. Hakusema kwamba nyumba ataitaka au hataitaka.

Radhiya alibaki ameketi mkekani. Kadija alikuwa pembeni na ukili wake, amesikia kila kitu, kama kawaida. Radhiya akamtazama, na moyo ukamgonga. Kwa miezi yote hii amepigania chumba kile kwa ajili ya mtoto huyu. Amekilia, amekiota, amekitoa sadaka. Kisha amekubali aende kwa mavyaa. Lini alimuuliza?

"Kadija," akasema, "wewe mwenyewe wataka nini?"

Kadija aliacha kusuka. Alimtazama mamake kwa kushangaa, kisha kwa wasiwasi, kama mtu aliyepewa kitu asijue akishike wapi. Akasema kwamba hajui. Akasema atasema wazazi watakavyosema. Radhiya akatikisa kichwa, akangoja, na kungoja hakukuwa kazi nyepesi kwake. Mwisho msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba angetaka kwanza kwenda kuiona.

Hamdun aliporudi kutoka barazani akamwita Fundi Madi, wakenda alasiri ileile, wote wanne, mama na binti mbele, Hamdun na Fundi Madi nyuma. Bi Mwanaarabu aliwafungulia. Hamdun aliingia ndani kwa mara ya kwanza, akashika mchi mwenyewe, akagonga, na boriti zikalia zote ila ile ya mlangoni. Fundi Madi akasema alhamdulillahi, chumba hiki kitawazika nyote. Radhiya alimtazama Kadija amesimama mbele ya zidaka, anapitisha kidole kwenye chokaa, na akaona kwamba amezipenda. Kisha Kadija akatoka. Wakamsikia anapanda ngazi zilizovunjika, na fundi akapiga kelele kwamba huko hakuna dari, na mamake akamfuata mbio akishikilia ukuta.

Alimkuta juu, kwenye ule msana ulioporomoka, amekaa juu ya kifusi, ushungi umemtoka kichwani kwa upepo. Kutoka pale ilionekana mikoko ya Manda, na mapaa ya mji, na wanawake wawili watatu wakianika nguo kwenye sakafu za juu, ambao waliwapungia mkono. Radhiya, akihema, akaketi kando yake.

"Mimi sitaki kwenda kwa mavyaa," akasema Kadija. "Nataka kukaa na wewe. Lakini nikae huku, mama. Kule ndani kaa wewe."

Radhiya alicheka, kisha akalia, na akamshika bintiye mkono, kwa maana hakuna mtu aliyemuuliza yeye pia kama anapenda kukaa chumba kisicho na dirisha, na kwa kweli alikuwa hapendi.

Jeilani alirudi, na nyumba wakainunua. Bi Mwanaarabu alipata fungu lake, akavuka kwenda Siyu na kitanda chake na sufuria mbili, na siku ya kuondoka alimwachia Radhiya kigoda. Fundi Madi alipoambiwa kwamba kazi ianze juu, na kwamba bibi arusi atakaa juu kwenye madirisha manne, alisema katika umri wake wote hajasikia jambo kama hilo, na akauliza nani aliyelitaka. Wakamwambia. Akaguna, akaenda kuloweka chokaa yake.